Jani la Isale kwa Bibi wa Senta Wetu

Mlio ninaoukumbuka kuliko yote ya msimu huu ni wa maharage. Ungo ulimponyoka bibi, ukapiga ukingo wa ngazi, na maharage yakatawanyika juu ya saruji, chwaaa, kama mvua ya ghafla kwenye bati. Kuku wakaja mbio. Sisi watatu, kocha, kapteni na mimi, tukabaki tumesimama uani kwa watu kule Mwika, kocha ameshika jani refu la kijani kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi.

Tulikuwa tumekwenda kumwomba mjukuu wake.

Huyo mjukuu ndiye senta wetu, yule anayesimama chini ya ringi na kudaka kila mpira unaorudi. Timu ya kikapu ya wasichana wa chuo chetu cha ufundi pale Moshi mjini si mbaya, jamani, nasema bila kujipendelea. Kapteni kakulia sokoni Kiboriloni, akipenya katikati ya watu na beseni la nyanya kichwani bila kuguswa. Ukimpa mpira humwoni tena. Tunao pia watupaji wa mbali ambao wakiamka vizuri hawakosi. Ila urefu tulikuwa nao mmoja tu, na huo ulikuwa nyumbani Mwika. Msimu uliopita aliteleza akaumia goti, likizo ikaingia, na bibi yake anayemlea akasema basi, mtoto atasoma tu, mpira hapana.

Bila yeye, kocha alikuwa amenipanga mimi chini ya ringi. Mimi! Mtu ambaye nyumbani kwetu Majengo sufuria ya juu ya kabati nashushiwa na mdogo wangu. Nilikuwa nimeshauota msimu mzima, mpaka namna nitakavyolia tukipewa kombe, lakini kwenye ndoto hiyo sikuwa nimesimama pale.

Kocha ni mtu wa Tabora. Kabla hatujapanda alimuuliza mama anayetuuzia ndizi getini: hawa Wachagga, mtu akitaka wasimkatalie, anafanyaje?

“Nenda na isale,” mama akamjibu. “Mtu akija na isale hakataliwi.”

Kocha akafurahi, akaondoka zake. Hakuuliza isale inabebwa lini. Kapteni na mimi ni watoto wa mjini. Tulijua isale ni ule mmea unaopandwa mipakani mwa mashamba ya migomba, basi. Tulipokaribia kwa bibi tukamwomba jirani jani moja. Akatukatia huku akitutazama kwa huruma, akasema, “Poleni sana.” Hatukuelewa pole ya nini.

Bibi alipoliona lile jani, hata shikamoo hatukuimaliza.

“Mmemfanya nini mtoto wangu?”

“Hapana, bibi, sisi tume...”

“Ana mimba? Sema! Ni wewe?” Alimkazia macho kocha.

Jasho likamtoka kocha palepale kwenye baridi ya mlimani. “Bibi, mimi ni kocha! Nina mke!”

“Wenye wake ndio haohao!”

Kapteni akageukia mgomba, mabega yanamtetemeka. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti naokota maharage, nikajikuta nasema kutoka huko chini, “Shikamoo, bibi. Tumekuja kuomba acheze mpira.”

“Mpira?”

“Wa kikapu, bibi.”

“Sasa isale ya nini?”

“Tuliambiwa ukija nayo hukataliwi.”

Bibi akakaa kwenye ngazi. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge, akatulia, akatutazama, akaanza upya.

“Wanangu, isale habebi mwenye shida ya kuomba. Anabeba aliyekosa, anapokuja kuomba msamaha. Akikuletea, hata uwe na hasira ya namna gani, inabidi umsikilize.” Halafu kicheko kikamwisha. “Lakini hamkukosea kuileta. Mlinirudishia mtoto anachechemea. Alipanda peke yake na begi lake. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuniambia pole. Hilo liliniuma kuliko goti.”

Kocha akavua kofia. Safari hii alilishika jani kwa mikono miwili.

“Tumekosa, bibi. Utusamehe.”

Bibi akalipokea. Mimi nikalia, kama kawaida yangu, na kapteni akanipiga kiwiko.

Mara mjukuu mwenyewe akatokea na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alipotuona akaruka mfereji wa maji na mzigo wake juu, hata hakuyumba.

“Jamani! Mnafanya nini hapa?”

“Tumekuja kukuposa,” kapteni akasema.

Bibi alikuwa ameuona ule mruko. “Goti naona limepona.”

“Siku nyingi, bibi. Nakwambia kila siku.”

Bibi akalizungusha jani vidoleni. “Haya, atacheza. Lakini akiumia tena, mtu apande siku hiyohiyo aniambie. Aje na mdomo, asije na jani.” Akamgeukia kocha. “Kwani alianguka vipi?”

Kocha akaeleza kuwa upepo huleta mchanga kwenye sakafu ya uwanja, na chini ya ringi ndiko unakojikusanya.

“Chuo kizima hakina ufagio?”

Tukaletewa mtori wa ndizi, tukanywa tumeinamisha vichwa.

Sasa kocha anasema msimu huu tutafika nusu fainali. Kapteni anasema fainali. Mimi nasema kombe, na hawanicheki sana kama zamani.

Siku ya kwanza ya mazoezi niliwahi kufika, wenzangu wangali darasani. Niliazima ufagio wa chelewa jikoni, nikainama chini ya ringi, nikafagia kuanzia kwenye nguzo hadi mstari wa kutupia, mchanga nikautupa nyuma ya ukuta. Kisha nikavua viatu na soksi, nikaizunguka sehemu yote ile kwa miguu mitupu, polepole, nikisikilizia nyayoni kama kuna chembe iliyobaki.