Neno la Maji Yaliyofurika

Mama yangu, huko Ukambani, aliweka mtungi wa maji mlangoni na chini yake akapanda boga. Maji tulikuwa tukiyachimba kwenye mchanga wa mto, tunatoka alfajiri na punda mmoja mkaidi, ambaye naye ana hadithi yake. Lakini nikijaza mtungi ukafurika, mama hakunigombeza. Yaliyomwagika yalikuwa ya boga. Kikombe nusu kwetu ni kumwambia mgeni aondoke, ndiyo maana hata jijini, mtaa wa Westlands, nilikokuwa mpishi wa chai katika ofisi ya mawakili, nilijaza mpaka juu.

Nilipika miaka mingi, mpaka mkubwa akafa na mwanawe akakalia kiti. Huyo nilimnywesha maziwa akiwa kwenye kaptura. Akanunua mashine ya chai, ile ya kubonyeza. Siku moja akaniita, akanipa barua. Shule niliiachia darasa la tatu, nikamwambia anisomee.

"Mzee, inasema umekuwa ridandanti."

"Ni ugonjwa?"

Akacheka. "Hapana, mzee wangu. Ni kwamba kazi yako haiko tena. Hilo neno Waingereza walilitoa kwa Kilatini. Zamani lilikuwa la maji yaliyofurika. Yamezidi chombo, yanamwagika." Akaonyesha kwa mikono, kama mwalimu. Nadhani alidhani ananifariji. Watu hufutwa kazi, hilo nalijua. Kinachoniuma ni kwamba alilijua neno mpaka mizizi yake, na jina la mke wangu hajawahi kuliuliza.

"Na hao wa Kilatini," nikamwuliza, "chini ya chombo walipanda nini?"

"Eti?"

"Maji yakimwagika, yanaenda wapi?"

"Wewe mzee na vituko vyako! Sikiza, kuna wageni na mashine imekwama. Tupikie ya mwisho, ile yako ya tangawizi. Lakini usijaze sana, meza ni mpya."

Nikaenda jikoni. Nikaponda tangawizi vizuri, maana mkono wangu haujui kupika vibaya. Maziwa, majani, sufuria juu ya gesi, nikawasha. Halafu nikavua aproni, nikaitundika, nikachukua koti. Nikateremka ngazi na kutembea kwa miguu mpaka nyumbani, mtaa wa Satellite.

Kama ile chai ilifurika, sijui. Sikurudi kuuliza.