Moyo wa Mutu wa Chukudu

Siku yangu ya kwanza ya kazi, kule Beni, Chef wa Radio, mukubwa wa kupiga picha za ndani ya mwili pa hospitali, hakunionyesha mashini. Alinipa latte, ile ya kupigia mistari mu daftari, akaniambia: "Mama, kupiga picha kila mutu anaweza. Kupima ndiyo kazi." Nilikasirika. Nimetoka shule na diplôme yangu, blouse nyeupe imepigwa pasi, halafu mutu ananipa latte! Mais alisema kweli.

Alinifundisha hivi. Mu picha ya radio, moyo ni kivuli cheupe katikati ya kifua. Unapima upana wake, kisha unapima upana wa kifua. Kwa mutu muzima, moyo usipite nusu. Na mbele ya kupima, hakikisha mugonjwa alivuta pumzi yote, kwa sababu akivuta kidogo, moyo unalala na kuonekana munene bure. Ndiyo maana kule Beni sauti yangu ilisikika mpaka nje: "Vuta! Vuta tena! Shika!" Batoto bangu banasema hata nyumbani ninabaamuru vile vile.

Kisha nilihamishwa Butembo, nikakaa huko mpaka pension. Médecin Directeur wetu, daktari mukubwa wa hospitali, alikuwa mutu wa kusoma sana, tena mwenye kichwa nguvu. Mimi pia. Tuliheshimiana, na tuligombana karibu kila juma.

Ugomvi mukubwa ulikuwa juu ya Kambale, mwanaume wa Musienene. Tangu ujana alisukuma chukudu, ile trottinette ya mbao, ya magurudumu mawili, ya kubeba muzigo, akileta viazi mpaka soko ya muji, milima yote ile. Alikuja kwa kikohozi tu. Nikapiga picha, nikapima: moyo umepita nusu. Nikapima tena. Umepita.

Directeur akaangalia picha, akashika mukono wa Kambale. Mapigo yalikuwa yanaenda polepole sana. "Moyo umeanza kuharibika," akasema. "Donc chukudu, basi. Maisha yote."

Kambale akajikalia chini, pa sakafu. "Docteur, niko na batoto sita. Batakula nini?"

Nikashindwa kunyamaza. "Docteur, huyu anapanda mulima na muzigo na anapumua vizuri. Miguu haivimbi. Usiku analala chali bila shida. Huu ni moyo wa kazi!"

Sikieni vizuri, bijana. Moyo ni musuli. Kazi nzito ya kila siku inaupanua na kuukomaza: unapiga mara chache, lakini kila pigo linasukuma damu nyingi. Tension nayo, ule ugonjwa wa damu kupanda, inanenepesha ukuta wa moyo, lakini unakuwa mugumu, na mwishowe moyo unachoka na kulegea kama mupira wa zamani. Mu picha ya radio, mioyo yote miwili ni kivuli kikubwa tu. Na echo, mashini ya kuonyesha ukuta wenyewe, ilikuwa haijafika kwetu.

"Utanionyesha tofauti namna gani?" akauliza Directeur.

"Kwa kupumzika. Moyo wa kazi, ukiacha kazi, unapunguka. Wa ugonjwa, hapana. Mumupe miezi mitatu."

Akakubali. "Usipopunguka, anaacha chukudu, na wewe Mama hutanibishia tena."

Miezi mitatu ikapita. Kambale akarudi, nikapiga, nikapima. Upana ule ule! Haya ilinishika mpaka masikio yakawaka. Directeur hakunicheka, alichukua kalamu aandike. Mimi nikabaki ninaangalia Kambale, amekunja suruali kwa sababu ya matope. Mutu wa chukudu anapiga goti moja juu ya mbao akiteremka. Goti lile la Kambale lilikuwa na kidonda kibichi.

"Kambale! Ulipumzika kweli?"

Akaangalia chini. "Juma moja, Mama. Kisha batoto balilia njaa."

Hasira ilinipanda, halafu ikaniisha. Tulimuandikia kupumzika kama vile ni kidonge cha kumeza na maji. "Docteur, weka kalamu," nikasema. "Tunaanza upya, na mara hii anapumzikia kwangu."

Miezi mitatu mizima Kambale alikaa kwa kiti pa nyumba yangu, akichagua maharagi. Bibi yake alichimba viazi na mboga mu shamba yangu ya Vuhovi, batoto bakakula. "Mama, umenifunga kama mbuzi," alilalamika. "Nyamaza, mbuzi wangu, chagua maharagi."

Picha ya tatu, Directeur alipima mwenyewe. Akapima tena. "Chini ya nusu," akasema polepole. "Mama, ulikuwa moyo wa kazi." Kambale hakungoja karatasi. "Wasingya!" alipaaza sauti, ndiyo asante ya Kinande, na alikuwa amekwisha kufika mulangoni. Mimi nililia, sifichi.

Tangu siku ile Directeur aliongeza mustari mu karatasi zote za radio: kazi ya mugonjwa ni nini? Bijana ba leo biko na echo, banaona ukuta wa moyo mara moja, na ninafurahi. Mais ule mustari banauacha wazi. Nikipita pale ninabagombeza, pension ao hapana pension.

Siku ya kuniaga, Directeur, naye amekwisha kuwa muzee, aliniinamia sikioni. "Mama, sema kweli. Kama ule moyo wa Kambale ungebaki mukubwa, ungefanya nini?"

"Docteur," nikamujibu, "ningemuongezea shamba."