Oili Aliyoichuja Mama Mkwe

Nakiri mapema: nilikuwa dereva mwenye majivuno. Miaka ya hamsini mwanzoni, malori ya Ruangwa ungeweza kuyahesabu kwa vidole, na moja lilikuwa mikononi mwangu. Halikuwa langu. Mwenyewe alikuwa mwenye duka, akanikabidhi kwa sharti moja tu: injini ikifa, nami nikatafute jembe. Udereva nilijifunzia Nachingwea, kwenye yale mashamba makubwa ya karanga, na fundi aliyenifundisha hakuwa na maneno mengi. Oili ibadilishe siku zake zikifika, alisema, usingoje injini iseme. Nikalishika neno hilo. Siku zilipotimia nililegeza nati ya chini injini ikiwa bado ya moto, nikaacha ile oili nyeusi itoke yote.

Shida ilikuwa mahali pa kuimwagia. Kwetu mwanamume akioa huhamia kwa wakwe zake, na mimi nilikaa kwa mama mkwe, mwanamke aliyesifika kwa mafuta ya ufuta. Alitwanga ufuta wake, akauchemsha, akaengua mafuta na kuyaacha chunguni siku tatu mpaka machicha yatulie, kisha akayachuja kwa kitambaa. Tone halikupotea. Mtu wa namna hiyo kuniona namwaga mafuta kila mara, iliniuma mimi mwenyewe kumtazama. Lakini hakusema neno, maana mkwe na mkwe hawasemeshani uso kwa uso. Nikimwona njiani nilipinda.

Mwaka mmoja, lori likingoja soko la ufuta lifunguliwe, niliimwaga oili kwenye karai nikasema mpya nitatia siku ya safari. Kesho yake karai lilikuwa tupu. Siku ya safari, alfajiri, mke wangu akaja na chungu kikubwa mikononi, anatabasamu. Mama yake alikuwa ameituliza ile oili siku tatu na kuichuja mara mbili, na alisema niirudishe garini, nisitupe tena mali.

Nilichungulia chunguni. Takataka hazikuwamo, hilo kweli, ila weusi ulikuwa palepale. Na mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe mwenyewe, kajifunga kanga mpya, ananitazama kwa pembe ya jicho. Debe la oili mpya lilikuwa chini ya kiti cha lori. Ningelitoaje? Kukataa kitu alichokitengeneza mkweo kwa mikono yake ni sawa na kutema chakula chake mbele yake. Nikaimimina ile nyeusi yote. Safari moja tu, nikajidanganya.

Na safari yenyewe ilikuwa yake! Reli ilikuwa imefika Nachingwea, na mama mkwe alikuwa hajaliona garimoshi. Wiki nzima alikuwa halali vizuri kwa hamu. Tukampandisha mbele, yeye dirishani, mke wangu katikati kama ua wa kututenga, magunia ya ufuta nyuma. Lori lilipoondoka alishika mlango kwa mikono miwili, kisha akaanza kucheka, akicheka kila tulipopita mti. Mimi nami nikacheka. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Tulipofika kwenye mlima, karibu nusu ya njia, injini ikaanza kugonga. Ko, ko, ko. Mshale wa presha ya oili ukashuka, ukaendelea kushuka. Nikiendelea, injini inakufa na kazi yangu inakufa nayo. Nikisimama, nitasema nimesimama kwa nini? Aibu yangu ilinipeleka mbele hatua kama mia mbili hivi, na kila hatua ninaijutia mpaka leo. Mficha uchi hazai. Nikazima.

Mke wangu akauliza kuna nini. Nikafungua mdomo nimjibu yeye, kumbe macho yangu yako kwa mama yake.

"Mama," nikasema, "oili hii imekufa. Haifai."

Nilidhani ardhi itapasuka. Yeye akashuka, akataka aione. Nikachomoa kile kijiti cha kupimia, akaisugua oili kati ya vidole viwili, akainusa kama anavyonusa ufuta wake.

"Mafuta yaliyoungua hayachujiki," akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Mapya yako wapi?"

"Chini ya kiti."

Mke wangu akafunika uso kwa kanga. Mama mkwe akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Heshima niheshimu mimi," akasema. "Gari halina mkwe."

Nikaingia chini ya lori haraka mno, nikaunguza mkono, wala sikujali. Nilipotaka kufunga nati alinizuia: oili bado inadondoka. Alichuchumaa pale mpaka tone la mwisho. Nikatia mpya, nikawasha. Injini ikagonga mara mbili tatu, mshale ukapanda, na mlio ukatulia. Nilipiga kelele kama mwehu. Ile njia iliyobaki mama mkwe alinisemesha mwenyewe, akiniuliza hiki ni cha nini na kile ni cha nini, na binti yake katikati hana kazi tena.

Garimoshi tulilikuta limesimama linatoa moshi. Alilitazama kuanzia magurudumu mpaka juu, akashika kifua kwa furaha. Kisha akamwona fundi wa reli anapita na kopo, anatia mafuta gurudumu moja baada ya jingine, akamwendea moja kwa moja. Mimi nikamfuata kwa wasiwasi.

"Mkwe wangu huyu," akamwambia, akininyooshea kidole, "kaogopa kunambia kweli, motakaa ikaumwa. Wewe mwenye mama mkwe?"

Fundi akasema anaye.

"Mwambie," akasema mama mkwe. "Hata akikasirika, mwambie."