Jina la Ukoo Kwenye Ruta

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu wengi waliosema bado wapo, na baadhi yao huniletea simu zao nizitengeneze, nami huzitengeneza bila kuwakumbusha. Leo nawakumbusha.

Maneno yalitoka zaidi kijiweni, kwa muuza kahawa aliyekaa pale unapoiacha barabara kupandia kwetu Bigwa, Morogoro. Mmoja alisema intaneti ni kitu cha maofisi na vyuo, haiwezi kuishi kwenye nyumba ambayo maharage yanachemshwa kwa kuni. Mwingine alisema nguzo za simu za upande wetu zimebaki kuwa viti vya kunguru. Fundi cherehani mmoja, bingwa wa kejeli, alinisubiri nipite na kikombe changu ndipo akasema kwa sauti: "Mzee wa diploma, siku ukivuta intaneti mpaka kwa mama yako, nitamshonea mbuzi wangu suti. Tena ya vipande vitatu."

Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nilikunywa, nikalipa, nikaondoka.

Mimi ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe, na sioni kwa nini nilifiche hilo. Nilibeba karoti na kabichi kichwani kutoka mlimani hadi soko kuu kabla sijaota ndevu. Nauli ya kwenda Lusaka niliipata kwa karoti hizo. Kule nilifagia karakana ya mashine za kudurufu, kisha nikazifungua, kisha nikazitengeneza, na mwishowe nikasoma jioni mpaka nikapata stashahada ya elektroniki ambayo hakuna mtu aliyenilipia hata ukurasa wake mmoja. Nilirudi nyumbani wakati soko huria limeshakolea. Viwanda tulivyovijua vilikuwa vimeuzwa au vimefungwa, lakini kila ukuta wa mjini ulipakwa rangi ya kampuni ya simu, na vijana walikuwa na simu za Kichina zenye laini mbili na kelele nyingi. Nikajua nimerudi kwa wakati.

Ila sikurudi na mke wangu. Yeye alikuwa Dar es Salaam, akiandaa hesabu za kampuni moja ya kuagiza vipuri, kazi nzuri ambayo asingeiacha kwa kuwa tu mume wake anapenda hewa ya Uluguru. Tuliishi kwa mabasi. Mwisho wa juma huu nashuka mimi, ule mwingine anapanda yeye, na mara nyingi hapandi mtu. Mama alianza kumwita "mkwe wa kwenye simu", na hakuwa anatania. Ndipo bosi wake akakubali jambo ambalo lilikuwa geni kabisa siku zile: anaweza kuhamia Morogoro na kufanyia kazi nyumbani, alimradi kila asubuhi awe hewani na hesabu zifike kabla ya saa sita mchana. Lakini kwanza majaribio ya wiki moja. Yakishindikana, abaki Dar.

Kwa hiyo kilichokuwa mezani hakikuwa intaneti. Alikuwa ni mke wangu.

Ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, niliinunua Kariakoo, ya mkono wa pili, karatasi yake ya maelezo imeandikwa Kichina kitupu. Laini ya simu ilibidi ivutwe upya kutoka kwenye nguzo hadi dirishani, na fundi bati wa mtaani akaniazima ngazi yake ndefu. Mwalimu mstaafu wa jirani akaniazima kompyuta yake ya mezani. Aliniambia niibebe kama mtoto mchanga, nami nikaibeba hivyo, nimeifunga kwa khanga ya mama.

Sasa ndiyo kazi. Unaunganisha ruta na kompyuta kwa waya, unafungua kivinjari, na pale juu unapoandika anwani huandiki jina lolote. Unaandika tarakimu zilizobandikwa chini ya ruta, nukta katikati. Ukurasa ukatokea. Ukataka jina na neno la siri. Nikajaribu yale ambayo viwanda huyaweka, yakakataa, maana mwenye ruta wa kwanza alikuwa ameshayabadilisha. Kuna kitundu nyuma, kidogo kama jicho la sisimizi, ambacho ukikibonyeza kwa muda ruta inasahau kila ilichofundishwa. Kijiti cha kiberiti hakikuingia. Msumari mdogo haukuingia. Mama alichomoa pini kwenye ushungi wake, akanipa, na pini ikaingia. Taa zote zikazimika, zikawaka upya.

Baada ya hapo nilipita ukurasa kwa ukurasa. Niliweka jina la mteja na neno la siri nilivyopewa na kampuni ya simu, ikakataa. Nikagundua nimeacha nafasi mbele ya herufi ya kwanza, nikaifuta, ikakubali. Taa iliyokuwa nyekundu ikageuka kijani. Nawaambia wasomaji, nimeona mengi Lusaka, lakini rangi ile ya kijani katika sebule ya mama yangu sijaona mfano wake.

Kesho yake mtandao ukawa dhaifu hata hatua chache kutoka mlangoni. Nilitafuta kosa kwenye mipangilio asubuhi nzima. Kosa lilikuwa kabatini. Mama alikuwa ameihamishia ruta kwenye kabati la vyombo, nyuma ya vikombe vya wageni na sinia la bati, akaifunika kitambaa cha kufuma kama anavyofunika redio. Nilipomuuliza, alishangaa kwamba msomi anauliza. Kitu cha thamani hakiachwi wazi, alisema, kuna vumbi na kuna macho ya watu. Tukaelewana: ruta ikakaa juu ya kabati, kitambaa kikakaa chini yake.

Kosa langu mimi lilikuwa kubwa kuliko la mama, na nililifanya kwa majivuno. Ukurasa wa mtandao wa bila waya unakuuliza mtandao wako uitwe nani. Jina hilo ndilo linaloonekana kwenye simu ya kila anayepita. Wengine huacha jina la kiwandani. Mimi niliandika jina la ukoo wa mama yangu. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama. Kiwanja kile tulichokalia kilikuwa cha ukoo huo, na msemaji wake ni mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, aliyekuwa akiishi juu mlimani kwenye mashamba. Nilitaka wa kijiweni wafungue simu zao wakute jina letu limetanda hewani.

Mke wangu alikuja Jumapili na sanduku moja na kompyuta ndogo ya ofisi. Jumatatu alituma hesabu zake kabla hata chai haijapoa. Jumanne vilevile. Nilipita kijiweni kwa mwendo wa pole, nikamuuliza fundi cherehani kama ameshampima mbuzi kiuno.

Jumatano ni siku ambayo watu wetu wengi hushuka na mboga. Walipita nyumbani kumsalimia mama, kama kawaida, wakatua matenga barazani. Vijana wakafungua simu zao na kukuta jina la ukoo. Wakamwomba mama neno la siri kama mtu anavyoomba maji ya kunywa, na mama akawapa kama anavyotoa maji ya kunywa. Saa nne baraza lote lilikuwa limeinamia viganja. Wengine wanapakua nyimbo, wengine wanatazama mpira wa Ulaya uliochezwa juzi. Chumbani mke wangu alikuwa anaangalia hesabu zake zikigoma. Zilifika Dar saa nane. Bosi alipiga simu, akasema machache.

Mke wangu alikuja akasimama mlangoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Sikiliza, baba," alisema. "Mimi nataka kuhamia hapa. Lakini ikikatika tena, Jumamosi napanda basi, na sanduku langu la pili litabaki kulekule Dar."

Alasiri ileile nikafungua mipangilio na kubadilisha neno la siri. Sikumwambia hata mama. Alhamisi asubuhi hesabu zilifika mapema, nikajiona nimemaliza. Nilikuwa sijamaliza. Ndugu yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, alijaribu simu yake pale barazani, ikakataliwa. Akaitazama, akanitazama, akawaambia wenzake kwamba huko Zambia watu hufundishwa kuufungia ukoo mlango wa nyumba ya ukoo. Wakabeba matenga yao wakaondoka bila kunywa chai. Mama hakunisemesha siku nzima.

Ijumaa asubuhi mjomba akashuka mwenyewe. Yeye hakuwa mtu wa kushuka ovyo. Nilimpokea fimbo, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba na kuuliza hali ya mkwe. Kisha akaomba aonyeshwe hilo jina. Nikamwonyesha kwenye simu yangu. Akasogeza simu mbali na macho, akasoma taratibu.

"Jina hili ulilipata wapi, mpwa wangu?"

"Ni letu, mjomba."

"Ni letu. Ulipotaka kulitumia ulimwomba nani?"

Mtu wa stashahada akanyoosha mkono kuichukua simu yake.

"Hukuomba. Basi tuseme umekopa," alisema. "Ungeweka jina lako, ungefunga utakavyo, nani angekuuliza? Lakini umeandika sisi, halafu umetufungia nje. Watu wanasema nyumba hii imeingia mlango wa pembeni kwenye mali ya ukoo. Mimi nifanye nini, niwaambie wamekosea?"

Kulifuta jina lile ingekuwa rahisi. Lakini nilijua litasomwaje kule juu: amelitumia, limempa sifa, amelitupa. Na kulifungua tena kwa wote kulikuwa sawa na kumpakia mke wangu mizigo. Nikamwomba mjomba anipe mpaka jioni. Akasema yupo, hana haraka, akaagiza chai.

Nilirudi kwenye kompyuta ya mwalimu na kufungua mipangilio upya, safari hii bila kuruka hata ukurasa mmoja. Zile kurasa za ndani ambazo watu huziona ni za mafundi wa kiwandani, nilizisoma zote. Palipokuwa na neno nisilolijua nililijaribu nione linabadilisha nini, nikalirudisha. Mara mbili nilikosea na ruta ikanifungia nje, mara mbili pini ya mama ikarudi kazini nami nikaanza moja. Mke wangu alikuwa amekwisha kutuma hesabu za siku hiyo, akavuta kiti akakaa nami, akawa ananisomea maneno kwenye kioo. Hatimaye tulikuta, katika ukurasa wa mwisho mwisho, kwamba ruta moja inaweza kutangaza majina mawili: mtandao wa mwenye nyumba na mtandao wa wageni. Kila mmoja na neno lake la siri. Na ule wa pili unaweza kupangiwa kasi yake, usipite hapo hata watu wajae kama sikukuu.

Mtandao wa kwanza niliupa jina la kawaida, la kazi tu. Nikaupa neno la siri tulilolijua wawili. Wa pili nikauandikia jina la ukoo. Nikaupangia kasi ya kutosha kusoma habari na kupokea picha, isiyotosha kuumeza mpira wa Ulaya.

Kisha nikamwita mjomba, nikamweleza kwa Kiswahili cha kawaida kwamba hapa pana mabomba mawili, na bomba hili ni la ukoo. Neno lake la siri nataka alichague yeye, na atakayelitaka amwombe yeye.

Alilitaja, neno la Kiluguru, la kijito kimoja huko kwetu, nami nikaliingiza herufi kwa herufi. Siliandiki hapa.

Jumamosi basi liliondoka bila mke wangu. Jumatatu iliyofuata bosi alimwongeza siku, na Jumatano watu wakashuka na mboga, baraza likajaa, simu zikafunguliwa. Nilisimama katikati, kati ya vijana na chumba alimokuwa mke wangu. Hesabu zilifika Dar saa tatu na nusu. Wale vijana walilalamika kidogo kuhusu kasi, nikawaambia wamwone mjomba, wakarudi kwenye simu zao. Mwisho wa wiki bosi akasema anaweza kuhama.

Siku lori dogo lilipoleta kabati lake, kitanda na lile sanduku la pili, sikungoja hata vishushwe vyote. Niliibeba ngazi hadi kwa fundi bati, nimemwekea vipago viwili vipya vya kukanyagia badala ya vile vilivyokuwa vinalegea. Nikarudisha kompyuta ya mwalimu, nimeisafisha virusi na vumbi, ikiwaka haraka kuliko aliponiazima. Aliizunguka mara mbili kuikagua kisha akaniita mwalimu mwenzake.

Halafu nikapanda mlimani na jembe jipya na sukari. Mjomba alikuwa kwenye karoti. Nilimwambia kwamba jina lipo kwa wenyewe, neno la siri liko mikononi mwake, na mkwe amehamia leo.

"Sasa, mjomba, unanidai?"

Alilipima jembe kwa mkono, akaligeuza akaangalia makali.

"Sikudai," alisema. "Shuka ukamsaidie mkeo kupanga vitu."

Nikashuka.