Kioo cha Anko Simiyu

Kuna harufu moja ambayo mpaka leo ikinipata barabarani hunifanya nicheke peke yangu, watu wakanitazama: harufu ya klachi inayoungua ikichanganyika na muwa mbichi uliopondwa. Huenda hamjawahi kuzinusa hizo mbili pamoja, na siwaombei mzinuse, maana ili zikutane ni lazima kitu kiwe kimeharibika. Kwetu Kanduyi vitu viliharibika mara kwa mara, na karibu kila mara vilimharibikia Anko Simiyu.

Anko Simiyu, mdogo wake baba, alikuwa dereva hodari kuliko wote walioshindana kwa magari makuukuu kwenye barabara za vumbi kati ya Kitale na Bungoma. Sisemi hivyo kwa kuwa ni wetu. Hata waliomshinda walikiri. Akishika usukani alitulia kama mtu anayesikiliza redio, na kona zilizowatoa wengine jasho yeye alizipita akipiga mluzi. Shida ilikuwa moja tu: alikuwa hafiki. Watu walisema ana mkosi. Mimi nilikuwa msichana wa darasa la nne na niliamini kabisa. Niliuwaza huo mkosi kuwa jamaa mwembamba anayepanda kiti cha nyuma pale Kitale na kuteremka gari likishakwama.

Kumbe mkosi wenyewe tulikuwa tunakula nao meza moja. Timu nzima ya Anko ilikuwa baba yangu. Baba alikuwa fundi wa mashine za posho, zile za kusagia mahindi, na fundi mzuri, ila aliamini kwamba kila injini duniani ni mashine ya posho tu. Yeye ndiye aliyelitengeneza gari, na siku ya mashindano alikaa kando ya Anko kumsomea njia. Tena baba alikuwa na ugonjwa wa adabu. Mgeni akiingia uani, aliacha chochote alichokuwa akifanya, akanawa mikono, wakaketi kunywa chai. Hivyo ndivyo gurudumu la mbele lilivyokuja kuchomoka na kumpita Anko akiwa anaongoza: mgeni alifika baba akiwa katikati ya kukaza nati, na alipoondoka baba akadhani alikuwa amemaliza. Safari nyingine petroli iliisha njiani kwa sababu jirani aliomba kidogo ya pikipiki ampeleke mgonjwa hospitalini, na nani angemnyima?

Mwishowe Kukhu, nyanya yetu, alichoka. Alimwita Anko mbele ya watu wote wa nyumbani.

"Simiyu, mimi nimechoka kuchekwa kanisani. Hii mara usipofika mwisho, hiyo gali nauzia watu wa vyuma kuukuu. Urudi kwa trakta ubebe miwa kama watu wengine."

Anko akakubali, maana Kukhu akishasema hakukuwa na pa kukata rufaa. Kesho yake nilimkuta akilipangusa gari taa moja baada ya nyingine, polepole, bila mluzi. Nilimhurumia hadi nikashindwa kula.

Mashindano hayo yalianzia Kitale, yakapitia Bumula, mwisho wake ukawa kwetu Kanduyi. Kanuni ilikuwa kufika kwenye vituo tu. Kati ya kituo na kituo, kila dereva na njia yake. Sasa, Bumula ndiko alikooa Anko. Mama mkwe wake, ambaye sisi watoto tulimwita Mama Bumula, alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kumfikia mtu ng'ambo ya mto. Na kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na mmoja akimwona mwenzake njiani huchepuka. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, ingawa ni heshima inayochosha miguu.

Mimi nililala kwa Mama Bumula ili nipeleke maji ya rejeta kwenye kituo cha pale sokoni. Asubuhi akajitwika mtungi wa maji mwenyewe, akaniachia kikombe.

"Tupitie huku chini kwa miwa," akaniambia. "Barabara kubwa naweza patana na mkwe wangu, na hiyo si vizuri."

Mvua ilikuwa imenyesha, na kile kinjia cha kati ya mashamba ya miwa kilikuwa kinateleza. Tulikuwa hatujafika mbali niliposikia injini. Niliitambua mara moja, kwa kuwa ililia kama mashine ya posho.

Baadaye baba alinieleza kilichokuwa kimetokea. Anko alikuwa mbele ya wote, mbele mno, wa pili hakuonekana hata kwa mbali. Walipokaribia Bumula, Anko akasema, "Barabara kubwa inapita kwa mlango ya mama mkwe. Si nitampata amesimama hapo? Wacha tupitie kwa miwa."

Basi akatokea kwenye kona, na mama mkwe wake huyo, katikati ya njia, mtungi kichwani. Anko akachepuka kushoto kumpisha. Mama Bumula naye, kwa heshima hiyo hiyo, akarukia upande huo huo. Gari likaingia kwenye miwa, likazama tope na kusimama. Mama Bumula akawa amechuchumaa hatua chache kando yake, leso usoni, mtungi umepasuka. Anko aliinamisha kichwa hadi chini ya usukani. Hapo ndipo nilipoinusa ile harufu.

Halafu zikaanza salamu, maana huwezi kumkuta mkwe ukakaa kimya. Lakini hawawezi kusemezana hivi hivi, kwa hivyo walinipitishia mimi, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Muulize mama kama ako salama."

"Mwambie niko. Muulize kama watoto walipona kikohozi."

"Mwambie walipona. Na ile ng'ombe ilizaa?"

Ng'ombe ilikuwa imezaa. Ndama alikuwa dume. Tulimjadili huyo ndama huku magari yakinguruma juu kule kwenye barabara kubwa, moja baada ya jingine, yakielekea Kanduyi. Nilitaka kulia. Baba, badala ya kuwaharakisha, alitikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza pia habari za mahindi.

Salamu zilipokwisha baba alishuka kusukuma. Gari halikusogea. Akasukuma tena, akaanguka kifudifudi. Kisha leso ikasema:

"Mwambie asiangalie nyuma."

Anko alinyoosha mkono, akakigeuza kile kioo cha ndani kikatazama paa, kisha akakunja vioo vya pembeni. Mama Bumula akajifunga leso kiunoni, akaja nyuma ya gari, akaliwekea bega. Nawaambia, lile gari liliruka. Magurudumu yalimmwagia tope tangu kichwani hadi miguuni, naye akasimama pale akicheka bila sauti, mkono mdomoni, mkwe wake asije akamsikia.

Anko alifika Kanduyi wa mwisho, watu wakiwa tayari wanakunja mahema. Lakini alifika. Kukhu alilizunguka gari, akatoa jani la muwa kwenye bampa, akasema, "Haya, chai iko." Gari halikuuzwa.

Siku hiyo hiyo tajiri mmoja wa Kitale alimvuta Anko kando, akamwahidi gari jipya na mafundi waliosomea kazi. "Lakini hii timu yako, bana, uwache nyumbani." Anko akamshukuru, akakataa, akaenda kunywa chai na baba. Mimi nilimwona mjinga. Kwa miaka mingi, kila aliposhindwa kufika, niliukumbuka ule ujinga wake na kusonya.

Juzi tulimzika Mama Bumula. Anko, sasa kichwa chote mvi, alisisitiza kuliendesha mwenyewe gari la kumtoa mochari Bungoma. Wazee wakanung'unika kwamba haifai, mkwe wa kiume kumbeba mama mkwe. Akawaambia, "Huyu alinisukuma. Wacha na mimi nimpeleke." Nilikaa karibu na jeneza, nyuma yake. Aliendesha polepole kuliko nilivyowahi kumwona, kila gari likatupita, hadi baiskeli moja iliyobeba kuku, na ndipo nilipoelewa kwa nini alimkataa yule tajiri, nikaona haya kwa kule kusonya kwangu.

Kabla hatujatoka pale mochari alikuwa amenyoosha mkono, akakigeuza kioo kikatazama paa. Akakiacha hivyo mpaka Bumula.