Benchi la Darasa la Kwanza

Niliporudi kutoka chuo kikuu Uganda, Waingereza wakiwa bado wanatutawala, nilipewa meza katika ofisi ya elimu Njombe. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumpangia kila mwalimu mpya mwalimu mzoefu wa kumlea kwa muhula mmoja. Asiyepata ripoti nzuri ya mlezi wake hakuthibitishwa kazini.

Karani mzee wa ofisi alinieleza desturi: Walutheri kwa Walutheri, Wakatoliki kwa Wakatoliki. Nilimuuliza hesabu ya Kikatoliki ikoje. Akaendelea kuchonga penseli. Basi binti mmoja Mkatoliki, aliyewapita wenzake wote kwa alama chuo cha ualimu, nikampeleka Makambako kwa mzee wa Kilutheri aliyefundisha darasa la kwanza tangu mimi sijazaliwa.

Wiki ya nne ikaja barua. Binti aliandika kwamba hajafundisha hata somo moja. Mzee alimkalisha benchi la mbele katikati ya watoto, kibao cha kuandikia mkononi, aitikie pamoja nao. Mkaguzi angefika baada ya wiki mbili, na asingekuwa na cha kumwonyesha. Karani aliisoma barua akiwa nyuma yangu, akasema ndiyo hayo ya kuchanganya dini.

Nilipanda lori nikiwa na hati ya uhamisho mfukoni. Ugomvi wa dini sikuukuta. Mzee alisema yeye mwenyewe alikalishwa vivyo hivyo na mlezi wake, hata Mwislamu angekaa, "na wewe, bwana mkubwa wa vitabu, ungekaa." Nilimuuliza benchi linafundisha nini kisichofundishwa chuoni. Akaniuliza kama nimelikalia tangu nilipoota ndevu.

Nikampa binti ile hati. Aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Nitabaki," alimwambia mzee. "Ila kuanzia kesho nasimama mimi, wewe Baba unakaa."

Mzee alimtazama kidogo. "Na kibao?"

"Na kibao."

Nilibaki nione. Asubuhi mzee alikaa, magoti yakimgusa kifua, watoto wakifinyana kwa kicheko. Binti alianza kuandika juu ubaoni, akasita, akafuta, akaandika upya chini kwa herufi kubwa, mahali ambapo macho ya benchi la mbele hufika bila kuinua shingo. Mzee alinyoosha mkono mara moja tu. Aliuliza swali la kijinga kabisa, na nikaona watoto watatu wakishusha pumzi, kwa kuwa lilikuwa lao.

Mkaguzi alipokuja, binti alifundisha, naye mzee akakabidhi ripoti yenye mstari mmoja: huyu anajua darasa linavyoonekana kutoka chini. Akathibitishwa.

Mimi bado nashuku kwamba wiki moja ya benchi ingetosha. Nilimwandikia binti kumuuliza. Alijibu kwamba wiki ya kwanza alikuwa na hasira tu, na ya pili pia.