Farasi Kumi na Wanane Waliopotea Mlimani

Kwa miaka mitatu mizima niliamini kwamba fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kutoa farasi, yaani nguvu ya injini, ndani ya gari na kuwahamishia kwenye lingine. Habari ilitoka Mutoshi. Watu walisema kule kuna gereji ambapo dereva anaingia na lori la farasi mia, anaagiza bia moja, na kabla hajaimaliza lori limebaki na sabini. Wale thelathini tayari wanakimbia ndani ya taksi ya mtu mwingine. Hakuna hata skrubu moja iliyoguswa. "Njo maana habakamatwake," walisema, yaani ndiyo maana hawakamatwi, na mimi niliona hiyo ni hoja nzito kuliko kanisa.

Miaka ile ya Zaire nilikuwa nasoma ufundi wa magari katika shule ya jioni, Kolwezi. Nilikuwa nimejifunza kwamba nguvu hupatikana ukizidisha uzito kwa kimo unachopanda, kisha ukagawa kwa muda. Fomula hiyo ilinilewesha. Nilipima ngazi za parokia, nilipima wanawake wakipanda na ndoo zao, ningepima hata moshi kama ungekubali kusimama.

Niliishi kwa dada yangu. Mumewe, shemeji yangu, aliendesha lori la mfanyabiashara mmoja na kuleta mkaa na mahindi kutoka Mutshatsha. Nyumba tuliyolala ilikuwa ndani ya uwanja wa huyo mwenye lori. Siku moja mwenye lori alitaka kuongeza magunia, akaniita kwa neno la serikali ya wakati ule, sitwayeni, yaani raia.

"Sitwayeni mwanafunzi, unaweza kujua kama moteri yangu iko na nguvu ya kutosha?"

Kama ninaweza! Nilipima mlima kwa kamba na chupa ya maji ya kuonyesha usawa, lori likapita kwenye mizani likiwa limejaa, shemeji akapanda akikanyaga hadi mwisho, nami juu ya magunia na saa ya kuazima, mweusi kwa mkaa mpaka ndani ya masikio. Hata nguvu inayoliwa na mchanga wa barabara niliihesabu. Kibati cha injini kiliandikwa farasi mia. Mimi nilipata themanini na wawili.

Nilirudia hesabu mara kumi. Kisha nikatangaza, kwa sauti ya kusikika mpaka Sandoa: "Farasi kumi na wanane hawapo!"

Mwenye lori hakucheka. Na yeye alikuwa amesikia habari za Mutoshi. Alinyoosha mkono, shemeji akamwekea funguo kwenye kiganja.

"Uliuzisha wapi?"

"Tata, mi sikuuzisha kitu. Nitauzisha farasi namna gani? Iko na mukia?" shemeji alimjibu, akimwita tata kama mtu anavyomwita baba.

"Siku ya posho mutoke mu nyumba yangu. Na kila mwenye kamio wa hapa atasikia." Kamio ni lori; maana yake shemeji hangepata tena usukani Kolwezi.

Nyumbani dada aliweka sufuria chini kwa nguvu. "Farasi! Mi sijaona hata punda mu hii nyumba. Mudogo yangu, bwana yangu anakulisha, na we unamuhesabia?"

Na ubaya wenyewe ni huu: nilimwamini fundi wa Mutoshi kuliko shemeji. Alipoketi kula nilimtazama mikono nikijiuliza ilipokea nini. Jioni mbili nilikula bukari yake, ugali wa kwetu, nikiwa na mawazo hayo kichwani. Yeye alinisogezea samaki mkubwa, kama kawaida.

Jioni ya tatu nilimweleza mwalimu wetu wa shule ya jioni, mtu wa Kasai aliyezeeka katika karakana ya mgodi. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana, aliniuliza tu nyumba iko wapi.

Siku ya posho asubuhi alifika na kofia yake. Kitanda cha dada kilikuwa tayari juu ya mkokoteni, godoro limefungwa kamba, na shemeji akitafuta mahali pa kuweka meza. Mwenye lori alisimama mlangoni. Mwalimu alimsalimia, akaomba kuona karatasi yangu, akaisoma polepole huku mimi nikitamani ardhi inimeze pamoja na shule yote ya jioni.

"Hesabu ni ya muzuri," alisema. "Lakini ile namba ya kibati ni nguvu ya moteri peke yake. Huyu mutoto alipima nguvu yenye kufika ku magurudumu. Katikati kuna giaboksi, kuna shafti, kuna ekseli ya nyuma. Meno inasuguana, mafuta inavurugwa, na nguvu ingine inageuka moto. Kila kamio inapoteza karibu vile, hata ile ya mupya. Farasi haitokake mu moteri, tata. Hakuna mutu aliiba kitu."

Mwenye lori alirudisha funguo kwenye kiganja cha shemeji, nami nikaanza kufungua kamba za godoro.